Mafundi wanaingia mwezi ujao, vitu vya kale tuviweke wapi?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati inayotunza nyumba ya zamani ambayo sasa ni maktaba na chumba cha kumbukumbu. Ndani mna picha za rangi ya mafuta, vitabu na madaftari ya kale, saa ndefu ya kusimama, piano, mlango mkubwa wa kuchonga na dari iliyonakshiwa kwa rangi. Mwezi ujao mkandarasi anaanza kutengeneza paa na kupiga upya lipu iliyobanduka, kazi ya miezi sita. Anasema tusogeze kila kitu kwenye chumba kimoja tukifunike kwa nailoni, mlango ataung'oa aupeleke karakana ukavuliwe rangi, na kuta atazipiga saruji ili zidumu. Je, nailoni inatosha? Na katika yote haya, tuogope nini zaidi?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza mwezi mzima kabla ya jukwaa la mafundi kusimamishwa, maana karibu kila kinachookoa vitu vya kale wakati wa ukarabati huamuliwa kabla fundi wa kwanza hajaingia. Nimeona picha iliyodumu vizazi vitatu ikiharibika ndani ya wiki mbili za kupiga lipu ukuta wa jirani. Jengo likiwa limetulia, vitu vyake huwa vimezoea hewa yake, nyufa zake, hata kuvuja kwake. Ukarabati huuvuruga utulivu huo kwa mkupuo mmoja: maji, vumbi, mtikisiko, moto na watu wasioijua nyumba, vyote huingia pamoja.

Nailoni kwanza. Haitoshi, na ikifungwa vibaya hudhuru kuliko vumbi lenyewe. Lipu mbichi ina maji mengi, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia hewani. Chumba ambacho kwa kawaida kina unyevu wa asilimia 50 kinaweza kupanda hadi 80 mafundi wakipiga lipu huku madirisha yamefungwa. Usiku joto likishuka, unyevu ulionaswa chini ya nailoni hugeuka matone, na matone hayo hudondokea jalada la kitabu au uso wa picha. Unyevu ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu hupata pa kuanzia. Ukikaribia 80, ni suala la siku na wiki. Mkandarasi wako akifunua nailoni hiyo mwisho wa miezi hiyo sita, anaweza kukuta madaftari yamevaa manyoya ya kijani.

Kinachofaa kugusa kitu cha kale ni kitambaa kinachopitisha hewa. Pamba ghafi inafaa sana, ile marekani isiyotiwa rangi, ifuliwe kwanza ili wanga wa kiwandani utoke. Nailoni nayo ina kazi yake, ila ni kazi ya nje: itandazwe juu ya fremu ya mbao kama hema, isiguse kitu, na upande wa chini uachwe wazi hewa ipite. Hiyo ni kinga ya mvua siku paa liko wazi, na bomba likipasuka. Wekeni kipima unyevu ndani ya hema hilo, na mtu mmoja aandike namba zake asubuhi na jioni. Daftari la namba hizo litawaambia mambo ambayo macho hayaoni mpaka yameshaharibika.

Lakini kabla ya kuuliza kitu kifunikwe vipi, ulizeni kwa nini kibaki ndani. Kila kinachoweza kubebwa na watu wawili kitoke kwenye jengo kabisa, si kusogezwa chumba cha pili. Tarehe 11 Aprili 2019, kreni iliziteremsha sanamu 16 za shaba kutoka kwenye mnara wa kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris zipelekwe kufanyiwa matengenezo. Siku nne baadaye paa liliwaka na mnara ukaanguka. Hakuna aliyejua kwamba moto unakuja. Sanamu zilipona kwa sababu tu hazikuwa mahali pa kazi. Ngome ya Windsor nchini Uingereza nayo, ilipoungua Novemba 1992, vyumba vingi vilikuwa vimeondolewa picha na samani kwa ajili ya kazi ya kubadilisha nyaya za umeme. Moto uliharibu zaidi ya vyumba 100, lakini hasara ya vitu vya sanaa ikawa ndogo mno ukilinganisha na ukubwa wa janga.

Kama hamna jengo jingine na lazima mtumie chumba kimoja, kisiwe kile kinachomfaa mkandarasi. Kipimeni kwa maswali matatu. Juu yake kuna nini? Kikiwa chini ya sehemu ya paa itakayofunuliwa, hakifai. Bomba gani linapita kwenye kuta zake? Na ufunguo wake utakaa kwa nani? Nimewahi kukuta chumba cha vitu vya thamani kikitumika pia kuhifadhi rangi, petroli ya kusafishia brashi na baiskeli za vibarua, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na kufuli zima. Chumba hicho kisiwe na kingine chochote, vitu vikae juu ya mbao angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na mtu akikague kila siku, hata siku ambazo hakuna kazi.

Kuhusu kuhamisha, nitasema machache ambayo watu hukosea mara kwa mara. Kila kitu kipewe namba na kipigwe picha pande zote, nyuma na chini pia, kabla hakijaguswa. Ufa uliokuwepo uonekane kwenye picha, na mkandarasi atie sahihi kwenye orodha hiyo, vinginevyo mwisho wa kazi mtabishana ufa huu ni wa lini. Namba iandikwe kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, kisibandikwe. Picha zibebwe zikiwa wima, zikipangwa ziangaliane uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, katikati pakiwa na kadibodi pana kuliko fremu, ili ndoano ya nyuma ya moja isichome turubai ya nyingine. Vitabu vipangwe wima kwenye sanduku au vilazwe, visiegemee ukingo wa kurasa, kwa sababu uzito wa kurasa hung'oa mgongo wa kitabu. Sanduku lisizidi kilo 15, maana sanduku zito huangushwa. Saa ya kusimama izuiwe isitembee, vizito vyake na timazi, yaani pendulamu, vitolewe na kufungwa kando kabla ya kuisogeza; ikisukumwa navyo vikining'inia, springi nyembamba inayoshika timazi hukatika na vizito huweza kugonga kioo.

Piano na dari yako ni kundi jingine, yaani vitu vinavyobaki. Piano ijengewe sanduku linalosimama kwa miguu yake: fremu ya mbao, kuta za plaiwudi, sponji kwa ndani penye kona, na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa kitambaa. Sanduku hilo lisipigiliwe hata msumari mmoja kwenye ukuta au sakafu ya kale. Chini ya dari yenye nakshi, jukwaa liwe na kichwa chenye sponji, na vyuma vyake vifungwe sponji kote vinapokaribia ukuta. Mikanda ya gundi, ile ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, isiguse sehemu yoyote yenye rangi ya zamani. Nimeshuhudia mkanda uliokaa siku tatu ukibanduliwa na kuondoka na utando wa dhahabu uliokuwa umekaa juu ya boriti kwa zaidi ya karne. Fundi aliyeubandua alilia, na mimi nilikaribia kulia naye. Hakuwa mzembe, ila hakuna aliyemwambia.

Sakafu ifagiliwe na kufyonzwa vumbi kabla ya kufunikwa. Ukitandika plaiwudi juu ya mchanga umetengeneza msasa, na kila anayepita anasugua. Ngazi zifunikwe ukingo kwa ukingo, kwa sababu ukingo wa daraja ndio unaogongwa na ndoo.

Vumbi la kazi hii si la nyumbani. La chokaa na saruji lina ukali unaounguza, na likipata unyevu huganda. Ndiyo maana kitambaa kibichi ni adui: anayefuta picha au piano kwa kitambaa chenye maji anageuza vumbi kuwa tope linaloingia kwenye mistari ya rangi. Tumieni brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio kizuri, mdomo wake ukifungwa chachi ili kipande kilichobanduka kisimezwe. Mlango wa chumba cha vitu uwe na mapazia mawili yenye nafasi katikati, na kazi ya kubandua lipu ifanywe na madirisha ya upande wa mafundi yakiwa wazi, vumbi litoke nje badala ya kutafuta njia ya ndani.

Mtikisiko watu huupuuza. Kiwango cha Ujerumani kinachotumiwa na wahandisi wengi huweka kikomo cha kasi ya mtikisiko kuwa milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa jengo la kale dhaifu, kwa mitikisiko inayojirudia polepole. Kwenu hakuna nguzo za kupigiliwa ardhini, hivyo inatosha kuzuia nyundo za umeme karibu na ukuta wenye dari ya nakshi, na kuondoa vyombo kwenye rafu za ukuta unaotobolewa upande wa pili. Huwa vinatembea kidogo kidogo mpaka ukingoni.

Sasa swali lako la pili. Uogope moto. Uuogope kuliko mvua, wizi na vumbi vikijumlishwa, kwa sababu hivyo vingine huacha kitu cha kutengenezwa.

Uppark, nyumba ya karne ya 17 kusini mwa Uingereza, iliwaka tarehe 30 Agosti 1989 mafundi wakichomelea risasi, ile metali laini na nzito, kwenye paa, kazi ikiwa imebaki siku chache kwisha. Jengo la Mackintosh la chuo cha sanaa cha Glasgow liliungua Mei 2014. Likawa linarejeshwa kwa uangalifu mkubwa, na Juni 2018, kazi ikiwa inaendelea, likaungua tena vibaya zaidi. Børsen, jengo la kale la soko la hisa la Copenhagen, liliwaka Aprili 2024 likiwa limezungukwa na majukwaa ya ukarabati. Soma orodha hiyo na utaona kitu kimoja: yote yalikuwa yakishughulikiwa na watu wanaoyapenda. Paa la zamani ni mbao kavu za karne nyingi, vumbi, viota vya ndege na mapengo yanayopitisha hewa kama bomba la jiko. Cheche ikizama humo inaweza kufuka kimya kwa saa kadhaa na kuamka mafundi wakiwa wamekwenda nyumbani.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kupiga marufuku moto juu ya jengo kadiri inavyowezekana. Maungio ya mabati na risasi mengi yanaweza kutengenezwa chini, uwanjani, kisha yakapandishwa. Pale ambapo haiwezekani kabisa, kila kazi ya kuchomelea, kukata chuma au kutumia tochi ya gesi iwe na kibali cha maandishi cha siku hiyo na mahali hapo tu. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama. Kazi hiyo ikome mapema alasiri, mtazamaji abaki saa nzima baada ya moto kuzimwa, kisha arudi kukagua tena kabla ya lango kufungwa, akipita na chini ya sehemu ya kazi, maana cheche huanguka.

Kuna mioto isiyofanana na moto. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao, yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke au yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko. Taa kali za mafundi zikiegemezwa pazia huwasha. Windsor iliwaka kwa taa iliyogusa pazia. Chaja za mashine za betri zisilale zimechomekwa. Umeme wa muda wa mafundi uzimwe kwenye swichi kuu kila jioni. Na ving'amuzi vya moshi, ambavyo vumbi huvifanya vilie ovyo, vifunikwe asubuhi chumba kile tu kinachofanyiwa kazi na kufunuliwa jioni, huku mtu mmoja akitia sahihi. Vikizimwa jengo zima "mpaka kazi iishe", mmeondoa mlinzi wenu siku anayohitajika.

Jioni ile ya Notre-Dame, kengele ya kwanza ililia na mlinzi akaenda kukagua dari ya jengo dogo la pembeni, si dari ya kanisa lenyewe. Takribani nusu saa ikapotea. Nenda leo uangalie vyumba vyenu vinaitwaje. Kama mnacho "chumba cha juu" na "stoo ya juu" na "dari ya nyuma", bandikeni namba kubwa milangoni na ramani yenye namba hizo hizo langoni, ili anayepokea simu na anayekimbia waende mahali pamoja.

Kando ya ramani hiyo kuwe na orodha ya uokoaji. Andikeni vitu 20 tu, si 200. Kila kimoja kiwe na picha yake, chumba, kimeshikwa na nini ukutani, na kinahitaji watu wangapi. Orodha hiyo ikae kwa mlinzi, na nakala yake muwapelekee wazima moto wa eneo lenu kabla ya kazi kuanza. Waiteni waje watembee ndani ya nyumba, wajue maji yako wapi na jukwaa limeziba njia gani. Pale Copenhagen wafanyakazi na wapita njia walibeba picha kubwa mabegani na kuziweka mahali salama huku mnara ukiwaka juu yao. Uppark nako sehemu kubwa ya vitu vya vyumba vya chini ilitolewa na watu waliopanga foleni na kupokezana. Na baada ya moto, watu walichekecha majivu, wakaokota vipande vya nakshi, vitasa na fuwele za taa, ndivyo vilivyowaongoza mafundi mpaka nyumba ikafunguliwa tena mwaka 1995. Kifusi cha nyumba ya kale ni kumbukumbu pia. Hakuna toroli litoke nje ya lango bila mtu wenu kulitazama.

Hilo linanipeleka kwenye kuta, ambazo barua yako haikuzitaja kama kitu cha kale. Nazo ni cha kale. Chokaa, misumari ya kufuliwa kwa mkono, alama za randa kwenye boriti, tabaka za rangi, vyote ni ushahidi wa waliojenga, na ndivyo hupotea kwanza kwa sababu hakuna aliyeviwekea namba. Tunzeni kipande cha kila lipu ya zamani, ukubwa wa kiganja, kwenye kisanduku chenye jina la chumba. Nakshi iliyovunjika ipigwe picha na kupimwa kabla ya kutengenezwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huutumia kama dira, unasema kazi ya kurejesha ikome pale ambapo kubahatisha kunaanza. Kama hamjui nakshi ya kona ya tatu ilikuwaje, iacheni wazi.

Saruji kwenye kuta hizo ikataeni. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida, ilipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1824. Kuta zilizojengwa kwa chokaa hazikuizoea. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo kupitia lipu. Ukiuvika saruji, maji hukosa njia, hupanda, hubeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu hulipasua jiwe au tofali kutoka ndani. Miaka michache baadaye saruji hubanduka ikiwa imeshikilia uso wa ukuta wenyewe, na boriti zilizoingia ukutani huoza vichwa. Kwa wenzangu huwa naeleza hivi: kiungio kiwe dhaifu kuliko kinachoungwa. Kikija kitu cha kuvunjika, kivunjike kile kinachoweza kupigwa upya.

Mkandarasi akisema saruji ni imara zaidi, msimulie habari ya Parthenon, hekalu la kale la Ugiriki. Wajenzi wa kale wa Athens waliunganisha mawe yao ya marumaru kwa vyuma walivyovifunika kwa risasi, na vingi vilikaa zaidi ya miaka 2,000 bila kuleta shida. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alirejesha sehemu kubwa ya hekalu hilo kwa vyuma vipya bila kinga ya namna ile. Vikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka. Mwaka 1975 iliundwa kamati maalumu, na mafundi wake wamekuwa wakiving'oa vyuma hivyo kimoja kimoja na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Balanos alifanya kwa nia njema na kwa kitu kilichoonekana imara zama zake. Ndiyo sababu napenda matengenezo yanayoweza kutenguliwa na mtu atakayekuja kujua zaidi yetu.

Lipu ya chokaa inachukua muda. Hukauka polepole, hupigwa kwa tabaka nyembamba, na mkandarasi aliyepanga miezi sita ya saruji atataka miezi zaidi. Mpeni. Au punguzeni kuta za awamu hii.

Yote niliyoyasema hayatafanyika kama hayamo kwenye mkataba. Ulinzi wa vitu uwe na mstari wake kwenye jedwali la gharama, wenye kiasi na bei, kama ilivyo kwa mbao na mabati: masanduku, vitambaa, mtazamaji wa moto, kufyonza vumbi kila jioni. Kisicholipiwa huachwa siku kazi ikichelewa, na kazi huchelewa daima. Halafu mtajeni mtu mmoja wa upande wenu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo, bila kikao. Kamati ya watu tisa haiwezi kuzuia kreni. Ulizeni pia bima yenu kama inaendelea kufidia vitu wakati jengo lina mafundi. Mara nyingi masharti hubadilika na kampuni hutaka kuarifiwa mapema.

Siku ya kwanza, kabla ya zana kushushwa, watembezeni mafundi wote na vibarua wote, si msimamizi peke yake. Anayegeuza ngazi ndefu kwenye korido ana uwezo wa kuharibu zaidi ya msanifu yeyote. Waonyesheni dari, waambieni ina umri gani na kwa nini mikanda ya gundi hairuhusiwi. Nimekuta mafundi wengi wanaojali kuliko wenye nyumba wakishaelezwa. Waambieni pia kwamba wakikuta kitu ukutani au chini ya mbao za sakafu, sarafu, karatasi, kiatu, chupa, waache kilivyo na kuita, wasikisafishe. Na wahakikishieni kwamba anayeripoti kosa lake siku ile ile hatafukuzwa, maana nakshi iliyogongwa leo inaweza kushikizwa leo. Iliyofichwa nyuma ya ubao kwa mwezi hupotea vipande.

Tumalizie mlango. Usitoke. Mlango wa kuchonga uliokaa kwenye mwimo wake miaka mingi umejikunja pamoja nao, na ukipelekwa karakana yenye hewa tofauti utarudi haukai. Hiyo karakana ikiuzamisha kwenye dawa kali ya kuvua rangi, kama wengi wanavyofanya, gundi ya maungio italegea, nyuzi za mbao zitasimama na kingo za michongo zitakuwa butu. Rangi ya zamani yenyewe yaweza kuwa na risasi, hivyo msasa mkavu na tochi ya gesi vitaweka sumu kwenye mapafu ya fundi na kwenye vitabu vyenu. Na kabla ya kuvua chochote, jueni mnavua nini: mtaalamu afungue kidirisha kidogo cha sentimita mbili kwa mbili mahali pasipoonekana, ahesabu tabaka. Huenda rangi ya kwanza kabisa ndiyo mnayoitaka, na iko hapo chini. Kwa sasa jengeeni mlango huo sanduku pande zote mbili, tengenezeni njia nyingine ya kupitishia vifaa, na bawaba zake zisiguswe. Mwambie mkandarasi aiondoe karakana kwenye hesabu yake.

Jambo la kufanya wiki hii: nunueni vipima unyevu viwili, kimoja kwenye chumba cha vitabu na kimoja chini ya dari ya nakshi, na muandike namba kila siku mpaka mafundi waingie. Bila kujua hewa ya kawaida ya nyumba yenu hamtajua lini imeharibika. Niandikie namba hizo pamoja na ramani ya vyumba na sehemu za paa zitakazofunuliwa, nitakuambia chumba gani nakiamini.